Siku Bibi Alipogawa Maji Yetu

Wiki ya pili sasa nyumba yangu hapa Masasi haina mazungumzo mengine. Wanangu wawili wamesikia kwamba Desemba tutakwenda Dar es Salaam kwa mama yao mdogo, na kwamba siku moja itakuwa ya kwenda kwenye yale mabwawa ya michezo, penye mabomba marefu ya kutelezea majini. Kila jioni wanakaa barazani na simu ya baba yao, wanatazama picha na kugombania nani atateleza kwanza. Juzi yule mkubwa ameniletea daftari. Ameandika ratiba: saa ya kutoka, nguo za kubadili, chakula, kofia, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, TUSIKAE JUANI MCHANA. Akaniuliza, "Mama, kuna kitu nimesahau?"

Kama umewahi kukaa mji huu mwezi wa Novemba, huna haja ya kuelezwa joto lake. Miamba inayotuzunguka inakunywa jua mchana kutwa, na ukiegemea ukuta jioni unajiona umeegemea jiko. Lakini si joto lililonifanya niinamie daftari lile. Mwandiko ule uliobanana, na ule mstari uliopigwa kwa rula chini ya kila saa, vilikuwa vya baba yangu kabisa, na baba yangu hakuwahi kumfundisha kuandika. Nikamwambia iko sawa, haijapungua kitu, nikaingia ndani kama mtu anayetafuta jambo.

Mimi pia niliwahi kwenda kwenye mabwawa kama hayo. Mara moja tu, nikiwa na miaka kumi. Sijapata kumsimulia mtu siku ile ilivyokwenda.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Masasi, lakini kwao ni juu mlimani, Kitangari. Shule zikifungwa tulipandishwa kwa Bibi, mama yake, mimi na mdogo wangu wa kiume. Ukipanda ule mlima unaona hewa inabadilika. Asubuhi kuna ukungu, udongo ni mwekundu, na msimu wa korosho kijiji kizima kinanuka mabibo yaliyoiva na kuchachuka chini ya mikorosho. Tuliamshwa na milio ya vinu. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, na mchana Bibi alituchemshia ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaichovya kwenye chumvi na pilipili mpaka machozi yakatutoka.

Kitu ambacho hakikuwepo kule ni maji. Bibi alikuwa na tangi la saruji lililochimbwa chini, likipokea mvua kutoka kwenye bati. Lilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Kunawa uso na kupiga mswaki ilikuwa kikombe kimoja. Maji yaliyoosha mboga ndiyo yaliyoosha vyombo, na yaliyoosha vyombo yalipelekwa kwa mbuzi au yakamwagiwa mpapai. Hakuna maji yaliyomwagwa hivi hivi. Tangi likikauka, na lilikauka kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, wanawake waliteremka bondeni, chini kabisa ya ukingo, kwenye chemchemi. Walitoka alfajiri, wakapanga ndoo zao kwenye foleni, na wengine walirudi jua likiwa utosini. Nilishawahi kufuatana na Bibi mara mbili tatu na kidumu changu kidogo. Kushuka tulikuwa tunacheka. Kupanda hakuna aliyesema kitu, ulisikia pumzi za watu tu.

Katika ubahili wake wote wa maji, Bibi alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa. Hakuna mtu aliyeondoka kwake bila kunywa. Awe jirani aliyekuja kuomba moto, awe mnunuzi wa korosho asiyemjua, alimfuata mpaka njiani na kikombe cha bati. "Kunywa kwanza," alisema, "jua lina njaa." Kuhusu kusafiri, hakuwa mtu wa kutoka. Baba alishambembeleza miaka mingi aje kukaa nasi Masasi, apumzike. Alikuja kwa misiba na ubatizo, akarudi siku ya pili.

Mwaka ule daraja la Rufiji lilikuwa bado jipya na watu walisema Dar sasa ni safari ya siku moja. Kaka yake mama, mjomba wetu, alikuwa anafanya kazi huko, akatualika Krismasi. Aliandika kwamba kesho yake Krismasi atatutafutia njia ya kwenda kwenye mabwawa ya michezo. Mimi na mdogo wangu hatukulala vizuri tangu siku ile. Lakini mama alikuwa na mimba kubwa, hawezi safari. Akamwambia baba mbele yetu, "Baba watoto, wewe peke yako na hawa wawili kwenye umati ule, hutaweza. Mchukue mama yako."

"Mama hatakubali," baba akajibu.

"Umemwuliza?"

Alipomwuliza, Bibi alikuwa anabangua korosho, hakuinua kichwa. "Nitakuja kushika watoto," akasema. "Siji kutembea."

Baba akaanza kupanga. Alichukua karatasi za mitihani zilizotumika upande mmoja, akachora majedwali. Kila jioni baada ya sala alitusomea, nasi tulisikiliza kama tunasomewa matangazo ya kanisani. Tutaamka saa kumi na moja, tuwe getini kabla halijafunguliwa. Tutavaa sare ya kitenge kimoja, cha njano, ili tuonane kwenye watu wengi. Tutatafuta kivuli kwanza, michezo baadaye. Saa sita mpaka saa tisa hakuna mtoto kukaa juani. Anayepotea asimame pale pale alipo. Na dumu la maji ya kunywa, la lita kumi, atalibeba yeye mwenyewe na halitaachwa hata dakika moja bila mtu mzima. Hilo la dumu alilirudia kila jioni. Mama alimtania, "Mwalimu, mnakwenda kwenye maji, halafu unahangaikia maji?" Baba hakucheka. Wakati ule niliona ni ualimu wake tu.

Safari yenyewe sina mengi ya kukueleza. Tulimeza vumbi la kile kipande kibovu cha barabara kabla ya Rufiji, mdogo wangu alitapika, na Bibi alikaa dirishani na kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisani, akitazama nje. Tukasherehekea Krismasi kwa mjomba. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini, sawasawa na jedwali.

Jiji lote lilikuwa na jedwali hilo hilo. Foleni ilitoka getini ikafuata ukuta, ikakata kona. Tuliposogea na kuingia, saa nne ilikuwa imepita, na jasho la Dar si kama la kwetu, halikauki, linakaa mwilini kama mafuta. Ndani kulikuwa na spika za muziki kila nguzo, harufu ya dawa ya maji na ya chipsi, na watoto wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja. Kivuli chote kilikuwa na wenyewe. Baba alizunguka na mkeka begani mpaka akapata upande wa ukuta penye kivuli cha kutosha mtu mmoja na nusu. Bibi akaketishwa hapo na dumu likawekwa magotini pake.

Alitazama bwawa muda mrefu. Kisha akamwuliza baba, "Haya maji wanayanywa?"

"Hapana, Mama. Ya kuchezea tu."

"Yakichafuka?"

"Yanasafishwa kwa mashine, yanarudi tena."

Akaitikia kwa kichwa. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bomba refu la bluu bila kukoma, na kila mtoto aliyeteremka nalo aliyarusha hadi nje, kwenye saruji, yakakauka papo hapo.

Bomba hilo la bluu ndilo tulilolifuata. Foleni yake ilikuwa ndefu, imejikunja nyuma ya ngazi ambako hakuna kivuli hata cha kamba. Baba alisimama nasi kwa muda, akaona haisogei, akasema anakwenda kuchukua chakula, nimshike mdogo wangu mkono na tusiondoke. Tulisimama. Saruji ilitupandisha miguu kama tunacheza ngoma. Mbele yetu walibaki watoto kama kumi hivi, nikaanza kuhesabu pamoja na mdogo wangu kila anayeteremka, tisa, nane, saba. Hapo ndipo baba alipotokea bila chakula.

"Bibi yenu amekuja huku?"

Hatujamwona, tukasema. Mkekani hayupo, akasema, na dumu halipo. Nilimwona baba anaogopa, na mtoto akiona mzazi wake anaogopa hasahau. Akatushika mikono wote wawili akatutoa kwenye foleni. Mdogo wangu alipiga kelele, akajitupa chini, akaburutwa. Tulizunguka mabwawa yote, tukaenda vyooni, tukaenda getini. Mlinzi alisema hajaona mama mzee aliyetoka. Wakamtangaza kwenye spika, katikati ya muziki: mama mzee, kitenge cha njano, kitambaa cheupe, mwanawe anamtafuta. Hakuja. Baba alikuwa anatembea haraka mpaka tukawa tunakimbia, na midomo yake ilikuwa inasema kitu peke yake.

Tulimkuta mkiani mwa foleni ile ile tuliyotoka, upande wa nyuma wa ngazi. Dumu alikuwa amejitwika kwenye kata aliyoisokota kwa kanga. Alilishusha kwa kila watoto wawili watatu, akamimina kwenye kile kikombe cha bati ambacho kumbe alikibeba kutoka Kitangari, akampa mtoto, akangoja anywe mpaka mwisho, akampa mwingine. Watoto wasiomjua. Walikuwa wananyoosha mikono, wengine wanasema, "Na mimi Bibi, na mimi." Dumu lilikuwa linakaribia kuisha.

"Mama!" Baba alisema kwa Kimakonde, kama walivyozungumza siku zote wakiwa wawili. "Tumekutafuta kila mahali. Na hayo maji ni ya watoto."

"Na hawa ni nani?" Bibi hakugeuka. "Wamesimama juani tangu tufike. Hakuna aliyewaletea maji."

"Wana wazazi wao humu ndani."

"Hata yule alikuwa na wazazi."

Sikujua yule ni nani.  Baba akakaa chini. Alikaa pale pale, kwenye saruji inayounguza, mtu mzima na suruali yake ya Krismasi, watu wakimpita.

"Mama, mimi sikwenda," akasema.

Bibi akaendelea kumimina.

"Siku ile. Ulinipa chupa ya maji na muhogo nimpelekee chemchemini saa nne. Nilikuambia nilikwenda, tukapishana njiani. Sikwenda. Nilikuwa uwanja wa misheni, tunacheza mpira. Nilipotoka kule jua lilikuwa limepinda. Nikawakuta wameshambeba."

Kulikuwa na mtoto wa kike mbele ya Bibi, kikombe mdomoni. Bibi alimngoja amalize, akakipokea, akakifuta kwa kanga. Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Najua," akasema. "Chupa niliikuta nyuma ya mlango, imejaa."

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Jioni ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

 Spika ilikuwa inapiga muziki juu ya vichwa vyetu na mdogo wangu alikuwa bado analilia zamu yake. "Ningesema nini?" Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Asubuhi ile nilimgusa shingo, nikasikia homa. Tangi limekauka, wageni wa kipaimara chako wanakuja kesho yake, nikasema atakwenda tu, ni mtoto mkubwa. Aliniambia kichwa kinauma, nikamwambia fanya haraka urudi ulale. Nimekaa nangoja siku utakayoniuliza kwa nini nilimtuma mgonjwa."

"Sikujua alikuwa mgonjwa, Mama."

"Hukujua. Mimi nilijua."

 Bibi alimwekea mkono kichwani, kama anavyowekewa mtoto siku ya kubarikiwa, na baba akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena mpaka alipomzika Bibi. Yaliyobaki niliyajua baadaye, kwa mama, kidogo kidogo. Baba alikuwa na mdogo wake wa kike, miaka kumi na miwili. Alikaa kwenye foleni ya chemchemi tangu alfajiri, msimu wa ukame mkali, na maji yakakatika kabla ya zamu yake. Akapanda ule mlima mchana na ndoo tupu. Wanawake walimkuta ameanguka nusu ya njia. Shangazi yangu. Nilikuwa nimeishi miaka kumi bila kujua kwamba niliwahi kuwa na shangazi.

Tuliondoka mapema. Hakuna aliyeteleza kwenye bomba la bluu, wala aliyelowa hata kidole. Nikuambie ukweli wangu: nilimkasirikia Bibi. Nilikuwa nimeelewa kila neno la Kimakonde walilosema, na bado nilichokiona ni kwamba tulibakiza watoto saba mbele yetu. Siku mbili sikumjibu vizuri. Aliniita nimsaidie kufunga kanga zake kwenye kikapu, nikajifanya sisikii. Hakunigombeza. Alizifunga mwenyewe. Kati ya mambo yote ya siku zile, hilo ndilo ninalotamani kulifuta.

Mvua zilifika baada ya mwaka mpya. Baba alipanda Kitangari na mfuko wa saruji, akajenga kaburi ambalo kwa miaka yote ile lilikuwa tuta la udongo lenye mawe matatu. Padri alikuja kuliombea. Jina la shangazi lilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na nilimwona Bibi midomo ikitembea pamoja na padri, kama mtu anayehakiki kwamba limetamkwa sawasawa. Sitaliandika hapa, ni la kwetu.

Baada ya hapo baba akawa anapanda kila baada ya wiki mbili hata shule zikiwa wazi. Wakikaa uani kubangua korosho walimzungumzia shangazi. Nikawasikia kwa masikio yangu wakicheka: jinsi alivyokuwa anapiga mluzi kama mvulana, jinsi alivyojificha juu ya mkorosho siku ya kuchanjwa na kulala huko mpaka akaanguka. Shangazi yangu nilimpata hivyo, kwa vipande, kwa watu wawili waliokuwa wamefungia midomo kwa zaidi ya miaka ishirini, kila mmoja akidhani kosa ni lake.

Bibi alikufa nikiwa chuo cha ualimu. Baba amemfuata mwaka juzi. Kitangari maji yamefika. Uani kwa Bibi kuna bomba, na binamu zangu wanaliacha linadondoka mpaka chini yake pameota majani. Tangi la saruji wamelitia takataka. Nikiwakuta siwaambii kitu. Watoto wa pale wanaoga asubuhi na jioni, wakienda shule wanang'aa, na hilo ndilo Bibi angelitaka. Lakini hakuna tena mtu wa kupigiana naye hadithi za mtoto aliyepiga mluzi. Waliojua uso wake wameisha wote. Mimi namjua kwa maneno tu, na maneno yenyewe nimeanza kuyachanganya, sijui lipi alisema Bibi na lipi alisema baba.

Kiangazi kilichopita nilipanda peke yangu, nikataka kushuka kuiona chemchemi. Nilimwuliza msichana mmoja pale barabarani, akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama," lakini hakujua naulizia nini. "Chemchemi ipi? Bomba lipo pale." Njia imefunikwa na vichaka. Nilishuka kwa kushikilia miti, nikateleza mara mbili, nikafika. Kuna kisanduku cha saruji kilichopasuka na maji membamba yanatoka, yanapotelea kwenye mchanga. Mahali ambapo ndoo zilipangwa hadi kwenye mawe hapana hata alama ya mguu. Nilichota kwa kiganja nikanywa. Yalikuwa baridi, matamu kidogo, yenye ladha ya udongo.

Nikakaa kidogo, kisha nikageuka kupanda. Ilikuwa saa sita na nusu. Mimi ni mtu mzima mwenye afya, nimekula asubuhi, nimekunywa maji, sikubeba kitu chochote. Nilisimama mara nne kabla sijafika juu.